Michelada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bia ya Kimeksiko ya ndimu, chumvi na pilipili

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila michelada inapoletwa mezani. Anayeanza asome kutoka juu. Aliyekwisha kuionja aende moja kwa moja kwenye sehemu anayoitaka.

## Mambo ya msingi

Michelada ni nini?

Ni bia baridi iliyotiwa maji ya ndimu, sosi ya pilipili na vikolezo vya chumvichumvi kama sosi ya Worcestershire na Maggi ya maji, ndani ya glasi iliyopakwa chumvi mdomoni. Nchini Meksiko utaikuta kwenye baa, kwenye migahawa ya samaki, viwanjani, na barabarani ikiuzwa kwenye vikombe vya lita moja. Hunywewa zaidi mchana, jua likiwa kali, na mara nyingi pamoja na chakula.

Msingi wake ni ndimu na chumvi. Pilipili inafuata nyuma. Wengi wanaoijaribu nyumbani kwa mara ya kwanza huanza na chupa ya pilipili, wakaimimina bila huruma, halafu wakashangaa kwamba kinywaji kinachoma lakini hakina ladha. Pata kwanza uchachu na chumvi, kisha pilipili uiongeze tone kwa tone.

Chelada na michelada zina tofauti gani?

Inategemea uko wapi. Mexico City, chelada ni bia, ndimu na chumvi basi, na michelada ndiyo yenye sosi. Lakini kuna sehemu nyingine za nchi hiyohiyo ambako ukiagiza michelada utaletewa ile ya ndimu na chumvi tu, na yenye sosi huitwa cubana. Ikitiwa juisi ya nyanya au Clamato (juisi ya nyanya yenye mchuzi wa kome), wengine huiita ojo rojo. Mgeni asione haya kumuuliza mhudumu kabla ya kuagiza. Hata wenyeji wakisafiri kutoka jimbo hadi jimbo huuliza.

Ilianzia wapi?

Masimulizi ni mengi. Linalotajwa zaidi ni la San Luis Potosí, katika klabu ya michezo ya Club Deportivo Potosino, ambako inasemekana mwanachama aliyeitwa Michel Ésper alizoea kuagiza bia yake kwenye glasi kubwa ikiwa na ndimu, chumvi na barafu, hadi wenzake wakaanza kuiagiza kwa jina lake. Simulizi jingine linamtaja jenerali mmoja wa zama za Mapinduzi ya Meksiko, Augusto Michel. La klabu linaaminika zaidi kwa sababu linaeleza kinywaji chenyewe kilivyotengenezwa, lakini hakuna lililothibitishwa.

Kwa nini mtu aiharibu bia kwa chumvi na ndimu?

Haiharibiki. Chumvi hupunguza uchungu unaosikika ulimini, na ndimu huleta uchachu ambao bia nyepesi haina. Bia inayoonekana kama maji ukiinywa peke yake hupata uhai. Na mwili uliotoka jasho unaitamani chumvi, ndiyo maana kinywaji hiki kimekolea zaidi penye joto.

Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kushawishiwa sana. Ni ladha ileile ya embe bichi lililochanwa, likapakwa chumvi na pilipili, linalouzwa nje ya shule na kando ya barabara. Meksiko nako embe huuzwa vivyo hivyo, kwa ndimu na pilipili ya unga.

Viungo vyenyewe pia vimevuka bahari. Pilipili asili yake ni Amerika, ikafika kwetu baada ya Wareno kuanza kupita pwani hii. Ukwaju, ambao mti wake ni wa Afrika, ulikwenda Meksiko, na leo umo kwenye peremende za pilipili zinazochomekwa ndani ya michelada. Ndimu ilitoka Asia ikafika pande zote mbili.

## Viungo

Nitumie bia gani?

Lager nyepesi, ya rangi ya dhahabu, isiyo na uchungu mwingi. Wameksiko hutumia Corona, Sol, Tecate, Pacífico au Modelo Especial. Ukitaka kitu chenye mwili zaidi, Victoria ina rangi ya shaba na utamu kidogo wa kimea, na inaipokea vizuri sosi ya Worcestershire. Bia za namna hiyo ni urithi wa mtindo wa Vienna uliofika Meksiko karne ya 19 pamoja na watengenezaji bia kutoka Ulaya ya kati.

Kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam, hakuna haja ya kutafuta bia ya kuagizwa kwa bei kubwa. Tusker, Kilimanjaro au Serengeti zinafanya kazi hiyo vizuri. Usitumie stauti wala bia yenye hops nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu: uchungu wake ukikutana na ndimu unageuka kuwa kitu cha dawa.

Ndimu au limau?

Ndimu, bila mjadala. Na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana bahati: ile ndimu ndogo ya Meksiko, yenye ganda jembamba na mbegu nyingi, inayolimwa sana Colima na Michoacán, ni aina ileile tunayoiita ndimu, *Citrus aurantifolia*. Aliye Ulaya au Amerika Kaskazini atakuta zaidi ndimu kubwa isiyo na mbegu; hiyo ina maji mengi lakini uchachu na harufu yake ni hafifu, basi aongeze kidogo.

Iviringishe juu ya meza kwa kiganja kabla ya kuikata, ikamue kwa mkono, chuja mbegu. Usiibinye hadi tone la mwisho, maana ganda hutoa uchungu. Maji ya ndimu ya chupa yaache dukani.

Pilipili gani inafaa?

Meksiko hutumia sosi zenye siki na chumvi, si kali sana. Valentina, inayotengenezwa Guadalajara, ni ya kawaida mno: yenye lebo ya njano ni ya upole, yenye lebo nyeusi ni kali zaidi. Cholula nayo inafaa. Tabasco inatumika sana pia, ingawa imebeba jina la jimbo la Meksiko na hutengenezwa Louisiana, Marekani, tangu 1868. Ni nyembamba na yenye siki nyingi, kwa hiyo matone machache yanatosha.

Pilipili ya kusaga ya nyumbani iliyotiwa ndimu au siki inafaa kabisa, mradi umeichuja. Pilipili mbuzi ina harufu nzito inayoweza kuifunika bia yote, basi anza na matone mawili. Kitu kimoja kisitumike: ile sosi nyekundu tamu ya kulia chipsi. Sukari yake huifanya bia iwe nzito na ya kukinaisha.

Clamato ni lazima?

Hapana. Clamato ni juisi ya nyanya yenye vikolezo na mchuzi wa kome, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1966. Inapendwa sana kaskazini mwa Meksiko na miongoni mwa Wameksiko walio Marekani, kiasi kwamba wengine hawaijui michelada isiyo nyekundu. Ushauri wangu ni kujifunza kwanza ile isiyo na nyanya, kwa sababu nyanya huficha makosa. Ukiweza kusawazisha ndimu, chumvi na sosi bila nyanya, utaweza yote mengine.

Ukiitaka nyekundu na huna Clamato, chukua juisi ya nyanya isiyo na sukari, mililita 100 kwa glasi, utie pilipili manga, kitunguu saumu cha unga kidogo na matone ya sosi ya samaki.

Ina maana natia Maggi kwenye bia? Mchemraba?

Maggi ndiyo, mchemraba hapana. Wameksiko hutumia ile ya maji, nyeusi, ya kwenye chupa ndogo, ambayo ilianza Uswisi mwaka 1886. Mchemraba una mafuta. Ukiuyeyusha yataelea juu ya povu. Kama huna ya maji, tumia sosi ya soya kwa kipimo kilekile. Ladha haifanani kabisa, ila iko jirani.

Ile chumvi nyekundu ya kwenye mdomo wa glasi ni nini?

Mara nyingi ni Tajín, unga wa pilipili, ndimu na chumvi kutoka jimbo la Jalisco, unaouzwa tangu 1985. Nyumbani unaweza kuchanganya vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya mawe iliyopondwa, kijiko kimoja cha pilipili ya unga isiyo kali na robo kijiko cha chai ya ndimu ya unga, ile wanayoitumia wapishi wa urojo. Ganda la ndimu lililokunwa na kukaushwa linaongeza harufu.

Chamoy ni kitu kingine: sosi nzito ya matunda yaliyovundikwa kwa chumvi, yenye pilipili, uchachu na utamu kwa pamoja. Hupakwa mdomoni mwa glasi kabla ya unga, ili unga ushike. Mpenzi wa achari ya embe ataielewa mara moja.

## Kutengeneza

Vipimo sahihi ni vipi?

Kwa kopo moja la mililita 355:

- maji ya ndimu mililita 30 (ndimu mbili au tatu ndogo)
- sosi ya Worcestershire kijiko 1 cha chai
- Maggi ya maji nusu kijiko cha chai
- sosi ya pilipili kijiko 1 cha chai, au pungufu kama ni kali
- pilipili manga iliyosagwa, kidogo tu
- chumvi au unga wa pilipili wa kupaka mdomoni

Paka glasi, tia barafu, tia ndimu na sosi zote, koroga, kisha mimina bia taratibu. Kwa chupa ya mililita 500, zidisha kila kitu kwa moja na nusu, au mimina bia kidogo kidogo na kuongeza kadiri unavyokunywa. Njia hii ya pili naipenda zaidi, kwa sababu chupa inabaki baridi na unajirekebishia ladha mwenyewe.

Chumvi haishiki mdomoni mwa glasi, au inashika mabonge. Kwa nini?

Glasi imelowa mno, au haikulowa vya kutosha. Chukua kipande cha ndimu, kikate mkato mdogo katikati, kikalishe juu ya ukingo na ukizungushe mara moja tu. Ukingo uwe na unyevu wa kung'aa, usichuruzike. Halafu mimina chumvi kwenye kisahani iwe tambarare, laza glasi kwa ubavu na uizungushe ili chumvi ishike upande wa nje. Usiididimize glasi ikiwa imepinduliwa: chumvi itaingia ndani, itaanguka kwenye bia, na utapata matatizo mawili, povu na kinywaji cha maji ya bahari. Ipige glasi kidogo kwa kidole ili chembe zisizoshika zidondoke, uiache dakika mbili ikauke.

Paka nusu ya mdomo tu. Anayetaka chumvi anywe upande huu, asiyetaka ageuze. Na tumia chumvi yenye chembe kubwa. Ile laini ya mezani huyeyuka kabla ya funda la tatu.

Kila nikimimina bia inafura povu na kumwagika. Nifanyeje?

Chembe za chumvi na mikwaruzo ya barafu huipa gesi mahali pa kutokea kwa wingi. Bia iwe baridi sana, maana bia yenye joto huachia gesi haraka. Inamisha glasi, mimina polepole ukifuata ubavu wake, simama katikati povu litulie, umalizie. Ukishamimina, pitisha kijiko kirefu chini na ukiinue mara moja, usivuruge kama anayekoroga chai. Na usinyunyize chumvi juu ya bia iliyokwisha kumiminwa.

Barafu ni lazima?

Barabarani Meksiko utaiona mara nyingi. Nyumbani, glasi nzito iliyokaa kwenye friza nusu saa inatosha kama unakunywa haraka. Ukitumia barafu, iwe vipande vikubwa na utie vichache. Iliyopondwa huyeyuka na kuipoozesha ladha.

Nina wageni kumi. Naweza kuandaa mapema?

Andaa mchanganyiko wa sosi tu: maji ya ndimu mililita 300, Worcestershire 50, Maggi 25, sosi ya pilipili 50. Unapata mililita 425, yaani kama 42 kwa kila glasi. Uweke kwenye jagi ndani ya friji, uutumie siku hiyohiyo, kwa sababu ndimu iliyokamuliwa hupoteza harufu yake ndani ya saa chache na kesho yake huwa chungu. Glasi zinaweza kupakwa chumvi asubuhi. Bia ifunguliwe mgeni akiwa amekaa.

## Kunywa na kula

Huliwa na chakula gani?

Vyakula vya baharini kwanza. Huko Sinaloa, michelada na aguachile ni mtu na nduguye: kamba wabichi waliolowekwa kwenye ndimu na pilipili, na tango na vitunguu juu. Baja California wana taco, yaani chapati ndogo zilizokunjwa, za samaki wa kukaanga. Ceviche pia, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu.

Kwenye meza ya huku, pweza wa kuchoma, mishkaki na nyama choma yenye kachumbari vinakwenda nayo vizuri sana. Chakula cha nazi naona hakipatani nayo: tui hutaka kinywaji tulivu. Na kama kachumbari imeshakolea ndimu na pilipili, punguza sosi ya kwenye glasi.

Imekuwa kali mno. Naiokoaje?

Ongeza bia na ndimu, tia barafu, na kama bado, kijiko kidogo cha sukari au juisi ya nyanya. Usitie maji.

Kama kinachowaka ni mdomo, kunywa maziwa au mtindi. Kinachochoma kwenye pilipili, kapsaisini, hakiyeyuki kwenye maji. Protini ya maziwa hukishika na kukiondoa. Bia haisaidii, kwani asilimia 4 au 5 ya kileo ni kidogo mno kuiyeyusha, na gesi yake huzidisha mchomo. Mdomo hauunguzwi kweli: kapsaisini huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachohisi joto kali, TRPV1. Kwa uvumbuzi huo David Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian.

Inafaa kuzimua?

Wameksiko wengi huinywa asubuhi kwa nia hiyo, na utawasikia wakiapa kwamba inafufua. Chumvi, maji na chakula kinachoandamana nayo vinasaidia kweli. Pombe yenyewe inaahirisha tu maumivu. Ukiamka vibaya, tengeneza ile isiyo na kileo (tazama swali linalofuata), kula, ulale tena.

## Hali za pekee

Sinywi pombe. Nakosa nini?

Kidogo sana, kwa sababu ladha iko kwenye ndimu, chumvi na sosi. Meksiko kuna kinywaji cha maji ya soda, ndimu na chumvi kinachoitwa suero, na maji ya soda hutayarishwa pia kwa sosi zote za michelada. Topo Chico, maji yenye gesi ya Monterrey yanayouzwa tangu 1895, hutumika sana kwa kazi hiyo. Fuata vipimo vilevile, badala ya bia tia soda ya maji.

Bia isiyo na kileo inafaa pia, lakini anayejiepusha na pombe kwa sababu za dini asome lebo: baadhi ya bia zinazouzwa kwa jina hilo zina hadi asilimia 0.5. Kwake yeye maji ya soda ndiyo salama.

Sili samaki, au nina mzio. Kuna cha kuogopa?

Kipo. Sosi ya Worcestershire ya asili ina dagaa wa baharini waliovundikwa, na Clamato ina kome. Mwenye mzio wa wanyama wa magamba asiguse Clamato, na akiagiza baa aulize. Maggi ya maji na sosi ya soya huwa na ngano mara nyingi, na bia ina shayiri, kwa hiyo asiyekula gluteni ajiepushe na kinywaji kizima.

Mbadala wa Worcestershire ni rahisi kwetu, maana sosi ile yenyewe ina ukwaju ndani. Loweka kijiko cha ukwaju kwenye maji ya moto, uukamue, uuchuje uwe mzito kama uji mwepesi. Changanya na sosi ya soya kwa kipimo sawa, matone ya siki na chembe za sukari. Kwa kweli huwa naipenda kuliko ya chupa.

Nina presha au vidonda vya tumbo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazifiki kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Glasi iliyopakwa chumvi pande zote pamoja na Maggi na Worcestershire hula sehemu kubwa ya hiyo. Mwenye presha aache kupaka mdomo na apunguze Maggi. Mwenye vidonda, asidi ya ndimu, pilipili, gesi na pombe kwa pamoja havimfai. Mjamzito asinywe yenye kileo kabisa.

Nimeona zenye peremende za jeli na zinazouzwa kwenye jagi la blenda. Ni michelada kweli?

Ni watoto wake. Yenye peremende huitwa gomichela. Ya kwenye jagi la blenda ni licuachela, iliyojipatia umaarufu mtaa wa Tepito, Mexico City. Zinafurahisha macho, na watu wanazipiga picha sana. Tatizo langu ni sukari: ikizidi, huisikii bia wala ndimu, na unakunywa lita nzima bila kujua umekunywa kiasi gani.

Nilikamua ndimu ufukweni, kesho yake mikono imetoka mabaka na malengelenge. Ni pilipili?

Si pilipili, ni ndimu na jua. Ganda na maji ya ndimu vina kemikali zinazoitwa furanokumarini. Zikiwa kwenye ngozi halafu zikapigwa na jua kali, huunguza kama moto. Wekundu na malengelenge huja baada ya siku moja au mbili, na baadaye hubaki alama nyeusi zinazoweza kukaa wiki au miezi. Wahudumu wa baa za ufukweni wanalijua tatizo hili.

Kamulia ndimu ndani au kivulini, nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kurudi juani, na uangalie watoto wasichezee maganda. Malengelenge yakitokea usiyapasue. Funika ngozi isipigwe na jua, na yakiwa makubwa nenda hospitali.